Wale Watatu

Saa moja asubuhi, Ukiriguru,
umande bado uko kwenye matuta,
nachuma vitumba vya pamba vilivyojifunga,
vidogo kama punje ya choroko.
Ua likishafunguka nimechelewa:
jeupe leo, kesho litaona haya na kuwa la waridi,
na jambo ninalolitafuta
limeshapita siku nyingi, gizani, bila shahidi.

Napasua kwa wembe wa kunyolea.
Naloweka vipande katika mafuta yanayonuka dawa ya kuchua
(mlinzi Lusesa hunitania: "Mgongo tena, dada?")
mpaka nyama ya ua iwe wazi kama kioo.
Kisha darubini.
Kisha kimya.

Ndani ya ovyuli moja, seli zimebanana.
Moja imenenepa.
Moja tu, ndiyo iliyoitwa kuzaa.
Zamani nilidhani ina kitu ambacho jirani zake hawana.
Haina.
Kitabu ni kilekile, ukurasa kwa ukurasa,
kila seli pale imeandikiwa umama;
ila kwa jirani maneno yamekunjiwa ndani
kama kanga iliyofungwa kinyume:
jina lipo, limelala kwenye ngozi,
hakuna mpita njia anayelisoma.
Na wanaolikunja ni vijineno vifupi mno,
herufi ishirini na nne,
vinavyovuka ukuta hadi ukuta
vikisema: wewe, bado. Wewe, nyamaza.

Mwaka juzi tulikuwa na mche
ambao vijineno vyake vilikatika.
Ovyuli moja, seli tatu, nne, zote zimevimba,
zote zinataka kuwa mama siku hiyohiyo.
Nilicheka peke yangu.
Kisha nikaacha kucheka.

Maana hata ile iliyochaguliwa hugawanyika:
mbili, halafu nne, kwa mstari,
kama wasichana wanaosubiri kuhesabiwa.
Tatu hufa.
Hubaki ya mwisho, ya chini,
iliyo karibu na mlango wa chakula.

Kwetu Kayenze tulikuwa wanne:
Mbuke, Nshoma, Wande, na mimi niliyefunga tumbo.
Ada ilikuwa ya mmoja.
Baba hakumfuta mtu.
Alikunja tu.

Jumamosi Mbuke alikuja na ndoo ya furu wakavu.
Nikamvutia kiti, nikamwambia funga jicho moja.
Magamba yalikuwa yamekauka kwenye kucha zake;
aliishika meza kama ukingo wa mtumbwi
na akatazama muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.
"Hawa watatu waliosinyaa, wamefanyaje?"
Nikasema wamekufa, ndiyo kawaida.
"Nani kakwambia ndiyo kawaida?"
Sikuwa na jibu.
Marejeo ninayo, kurasa tatu.

Nikabadilisha slaidi, nikitaka kumfurahisha.
Nikamwonyesha seli ya kati,
ile kubwa inayokaa ubavuni mwa yai:
inavyojivua alama zake,
inavyoziacha jeni rukaji zipige kelele ndani yake
ili yai lisikie, lijue la kunyamazisha.
Yenyewe haitakuwa mtoto.
Itakuwa chakula cha mtoto.
"Hiyo naijua," akasema Mbuke.
Akasimama, akafunga kanga yake upya,
akauliza gari la mwisho la kurudi mjini ni saa ngapi.

Alipoondoka, kioo cha darubini kilikuwa na ukungu wa jicho lake.
Sikuufuta mara moja.
Nikaifungua fomu: tarehe, namba ya mche,
urefu wa seli iliyobaki.
Hakuna safu ya nyingine.
Nikachukua rula, nikachora safu pembeni, imepinda kidogo,
nikawapima wale watatu, mmoja mmoja,
kwa mikromita,
nikaandika.

Harufu ya furu ilikaa maabara hadi Jumatatu.